Mtu wa Kushika Zamu

Uongo wenyewe haukuwa mkubwa, na aliyeusema hakuupanga. Ulimtoka tu Mama Gyu-ho mchana wa Chuseok, sikukuu yetu Wakorea ya mavuno, akiwa kwa shemeji yake, amepiga magoti mbele ya sinia la samaki wa kukaanga, mafuta yamemrukia mpaka kwenye miwani.

Aliyemchokoza ni shangazi. Kila ukoo wa huku kwetu Gunsan una shangazi wa namna ile, na kama wa kwako hauna, jichunguze, huenda ni wewe. Ibada ya mababu ilikuwa imekwisha, meza zimeunganishwa, wanaume wameanza kunywa. Shangazi akamgeukia Gyu-ho aliyekuwa amejibanza karibu na jokofu.

"Gyu-ho, mwanangu, umri sasa?"

"Ishirini na nane, shangazi."

"Na chuo ulimaliza lini?"

"Mwaka juzi."

"Shahada ya biashara," shangazi akasema, huku akichambua mwiba kwenye samaki wake. "Sasa hiyo biashara iko wapi? Au bado uko pale dukani unauzia watu maziwa na sigara?"

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha adabu kinachouma kuliko tusi. Gyu-ho naye akacheka. Baba yake, Yun Dae-sik, akajimiminia pombe ya soju kwenye kikombe ambacho kilikuwa kimeshajaa, ikamwagikia mezani. Ndipo mama akasema, bila hata kugeuka:

"Anakwenda nje. Kambodia. Kampuni ya biashara imemwita. Mshahara milioni nne na nusu kwa mwezi, nyumba juu yao, tiketi juu yao."

Meza nzima ikamgeukia. Hizo won milioni nne na nusu zilikuwa zaidi ya mara mbili ya alichopata Dae-sik kwa kulinda geti la maghorofa tangu kiwanda cha magari kilipofungwa. Shangazi akaweka vijiti chini.

"Na mbona hamsemi?"

"Tulitaka apande ndege kwanza," mama akajibu, akageuza samaki kwa mwiko.

Kabla jua halijazama, ukoo mzima ulikuwa umeshamgongea Gyu-ho kikombe. Baba yake mkubwa alimwita "meneja" mara tano. Shangazi mwenyewe alimfungia keki za mchele za kupeleka nyumbani, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia. Na ukweli wa mambo ni kwamba Gyu-ho alikuwa amepata ujumbe wa kumwita huko siku tatu tu nyuma, akamwonyesha mama yake, akamwambia bado anafikiria. Alikuwa hajajibu hata neno.

*

Waliporudi nyumbani, aliyeanza ni Bo-ram, mdogo wake. Bo-ram anafanya kazi saluni na ana mdomo. Haki ya kuwa na mdomo anayo, kwa sababu ndiye aliyekuwa akilipia gesi ya nyumba ile bila mtu kumwita meneja.

"Hiyo kampuni inauza nini?" akauliza, bado anavua soksi.

"Inahudumia wateja. Wateja wa Kikorea."

"Inawahudumia nini?"

"Mambo ya masoko, Bo-ram. Biashara."

"Haya, inaitwaje?"

Gyu-ho akafungua simu, akausoma ule ujumbe upya, akaifunga. "Kaka Sang-uk hakuandika."

"Si umuulize?"

"Nimuulize nini? Kaka, samahani, kampuni yako ni ya kweli? Mkubwa wako humwambii hivyo."

"Mimi ningemwambia."

"Ndiyo maana wewe huna wakubwa."

Hapo nisimame kidogo. Pyo Sang-uk alimtangulia Gyu-ho chuoni kwa miaka mitatu, idara moja, chama kimoja cha wapanda milima. Mwaka ule wa kwanza ambapo Gyu-ho alikuwa akila tambi za pakiti asubuhi na jioni, Sang-uk ndiye aliyemnunulia supu ya nguruwe kila Ijumaa, muhula mzima, na hakumsimulia mtu. Mkubwa wa namna hiyo akikuambia njoo, unachouliza ni saa ngapi. Ukidai kuona mkataba umemwambia kwamba zile supu hukuzihesabu kitu. Ndivyo tulivyolelewa. Sisemi ni vizuri, nasema ndivyo tulivyo.

"Anataka uende na nini?" Dae-sik akauliza kutoka bafuni.

"Pasipoti, nguo nyepesi, na kitabu cha benki pamoja na kadi yake."

Bomba la bafuni likafungwa. Dae-sik akatokeza kichwa, uso umejaa povu.

"Kitabu cha benki cha nini?"

"Cha kuingizia mshahara, baba."

"Mshahara unahitaji namba. Kitabu chenyewe wanakitakia nini?"

Gyu-ho akaifungua simu tena. Mama akasema sahani hazijioshi zenyewe, na mazungumzo yakaishia hapo.

*

Wiki ile Gyu-ho alikuwa akipima jambo moja asubuhi, na jioni analipima upya. Alikuwa ameshaandika barua za maombi ya kazi sabini na tatu. Ameitwa kwenye usaili mara nne. Mara ya mwisho, Seoul, mmoja wa wale wakubwa waliokaa mstari alimuuliza alikuwa akifanya nini miaka miwili yote, naye akasema alikuwa anajiandaa, na yule bwana akaandika kitu kifupi sana kwenye karatasi. Hakuwa mvivu huyu kijana, naomba tuelewane. Kazi yake ya mwisho chuoni aliiandika juu ya kuuza mwani wa kukausha nchi za kusini, na mwalimu alimsifu mbele ya darasa. Alitaka kufanya biashara kweli. Alitaka apewe meza, simu na mzigo wa kuuza.

Kule sokoni, kwenye kibanda cha mama yake cha vitoweo, habari ilikuwa imeshafika. Muuza tofu alikuja kumpa mkono. Muuza samaki wa jirani akamwambia, "Mama Gyu-ho, sasa utatusahau," na Mama Gyu-ho akawafungia wote kimchi, achari ya figili, bure, kwa maana aliyefanikiwa ndiye anayetoa. Akanunua na sanduku la magurudumu. Akaliweka sebuleni, tupu, katikati ya njia, kila mtu akawa analikwepa.

"Umejibu?" akamuuliza mwanawe siku ya nne.

"Bado, mama."

"Mtu ameshakata tiketi, unamsubirisha?"

"Nitajibu."

"Nimeshawaambia watu, Gyu-ho." Alisema polepole, wala hakuwa anagomba. "Nimeshawaambia."

*

Dae-sik analinda saa ishirini na nne, anapumzika saa ishirini na nne, kwa hiyo siku ya kumaliza zamu hurudi nyumbani wakati wengine wanakunywa supu ya asubuhi. Jumamosi ile alirudi, akavua kofia ya ulinzi, akakaa mezani bila kushika kijiko.

"Mama wa nyumba namba 1104 alikuja tena kibandani kwangu getini," akamwambia mkewe.

"Kufanya nini?"

"Kutazama lifti." Akajisugua macho. "Kamera za lifti zinatunza picha siku thelathini, halafu zinajifuta. Leo ni siku ya ishirini na sita tangu mwanawe aondoke. Anataka nimwonyeshe anavyoingia na sanduku lake. Ni sekunde kumi na tisa tu. Anaitazama, ananiambia rudisha. Nikirudisha, ananiambia tena. Jana meneja wa jengo akanikuta, akanigombeza mbele ya wapangaji, eti mitambo si sinema. Mtoto mdogo kwangu, Mama Gyu-ho. Ananiambia wewe mzee huelewi Kikorea?"

"Na huyo kijana kaenda wapi?"

"Alipata kazi nje. Biashara." Akalitamka neno hilo taratibu. "Rafiki yake ndiye aliyemwita. Naye aliambiwa aende na kitabu cha benki. Walimpigia mama yake mara moja, wakataka pesa, wakampa asikie sauti ya mtoto. Tangu hapo, basi. Polisi wameandika jina kwenye fomu."

Mama Gyu-ho akaweka bakuli chini. "Kwa nini unaniambia haya nikiwa nakula?"

"Nikuambie lini?"

"Si kila anayekwenda nje anapotea. Mtoto wa muuza tofu yuko Vietnam, kila mwezi anatuma picha."

"Huyo aliitwa na kampuni yenye jina."

"Kwa hiyo abaki." Sauti yake ikapanda. "Abaki, akae mle chumbani. Wewe unatoka zamu unalala. Mimi ndiye ninayepita nje ya mlango ule. Kuna siku hatoki mpaka saa tisa mchana, nami nabandika sikio kwenye mbao nisikie kama anapumua. Unajua hilo? Unafikiri mimi siogopi Kambodia? Naiogopa. Lakini kile chumba nakiogopa zaidi."

Dae-sik alimshika mkewe kiwiko, akakiachia. Nyuma ya mlango uleule, mkono ukiwa kwenye kitasa, Gyu-ho alikuwa amesikia yote, tangu lifti mpaka kupumua kwake. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona woga, na woga ndio uliomwamulia. Hatakwenda.

*

Alimpigia Sang-uk siku ileile alasiri, akiwa nyuma ya duka anapanga maboksi ya kurudisha. Alikusudia kupiga sauti tu, lakini Sang-uk akawasha picha.

Alikuwa amekonda. Nyuma yake kulikuwa na ukuta mweupe na kipande cha pazia lililofungwa mchana kweupe. Alicheka kwa furaha, na Gyu-ho akaona jino la mbele halipo.

"Mdogo wangu! Unakuja Jumatano, sivyo?"

"Kaka, jino lako."

"Niliteleza bafuni. Vigae vya huku." Macho yake yakaenda pembeni, yakarudi. "Hali ya hewa ni nzuri sana. Chakula kizuri. Jumatano, sivyo?"

Gyu-ho akainama kwenye simu, kama vile mtu mwenyewe amesimama mbele yake. "Kaka, samahani sana. Mama anaumwa. Amelazwa. Sitaweza kuja kwa sasa."

Kicheko kilibaki usoni pa Sang-uk bila kazi. Halafu mtu asiyeonekana akasema jambo kwa sauti ya chini, na Sang-uk akaitikia kwa kichwa, mara mbili, haraka.

"Pole kwa mama," akasema. "Basi tafuta mtu wa kukushikia zamu. Utaratibu unaujua."

Aliujua. Huku kwetu, dukani, hotelini, kwenye kituo cha mafuta, ukiwa kijana wa kibarua ukapata udhuru, humwendei mwenye duka kumwambia siji. Unatafuta wewe mwenyewe mtu wa kusimama mahali pako, unampeleka jina, na hapo ndipo udhuru wako unakubalika. Asiyeleta mtu hana adabu. Gyu-ho alikuwa amefanya hivyo mara mia na hakuwahi kufikiri mara mbili.

"Kaka, hii si kama zamu ya duka."

"Tiketi ipo, chumba kipo, jina tu ndilo litakalobadilika." Sauti ya Sang-uk ikashuka, akausogeza uso mpaka ukajaa kioo. "Gyu-ho. Mimi sijawahi kukuomba kitu. Nimewahi?"

"Hapana, kaka."

"Basi usiniache hivi. Kabla ya Jumatatu. Mmoja tu." Akatabasamu tena, kwa sauti kubwa zaidi akaongeza, "Msalimie mama," na picha ikakatika.

Gyu-ho alibaki na boksi mapajani. Alijua alichokiona. Niseme wazi, maana baadaye yeye mwenyewe alijaribu kujidanganya kwamba hakuwa na hakika. Alijua.

*

Nam Do-chan alikuwa wa idara yao na wa chama chao cha wapanda milima, miaka miwili chini yake, na dukani alishika zamu za mwisho wa wiki. Ndiye aliyekuwa akimshikia Gyu-ho kila alipokwenda kwenye usaili. Kijana mnene kidogo, mwenye masikio mekundu, ambaye neno hapana lilikuwa halimkai mdomoni. Wakubwa wote wa chama walimpenda, na wote walimtumia.

Jumapili alikuja kupokea zamu dakika kumi kabla ya saa, kama kawaida yake. Gyu-ho akajiambia kwamba atataja tu. Atataja, kijana atauliza maswali, naye atajibu kila swali kwa ukweli, na kijana ataamua mwenyewe. Huo ndio mpango aliojipangia, na mimi nauona mpango wa mwoga.

"Do-chan, unamkumbuka kaka Sang-uk?"

"Yule wa supu uliyetusimulia? Nani anamsahau, kaka?"

"Yuko Kambodia. Kuna kazi ya biashara. Milioni nne na nusu, nyumba, tiketi. Nilikuwa niende mimi."

"Kaka, hongera."

"Siendi. Mama anaumwa." Uongo ulikuwa umeshazoea njia. "Wanataka mtu mwingine, aende na pasipoti na kitabu cha benki. Jumatano."

Do-chan akavaa fulana ya duka, kichwa kikakwama kidogo kwenye shingo ya nguo, kikatoka. "Nani atakwenda?"

"Nilikufikiria wewe."

Masikio ya Do-chan yakawaka. Aliinama mpaka paji la uso likakaribia kaunta. "Kaka, una watu wengi. Mimi kwa nini?"

Gyu-ho akasubiri. Uliza kampuni inauza nini, akasema moyoni. Uliza jina lake. Uliza kitabu cha benki ni cha nini. Uliza moja tu, nami nitakuambia. Lakini Do-chan alilelewa kama yeye, kwa hiyo hakuuliza. Aliuliza mambo mawili tu.

"Kaka, niende na viatu gani? Sina vya ofisini."

"Vyovyote."

"Na mama anaumwa nini?"

"Tumbo."

"Pole sana, kaka. Nenda kamwangalie, usisimame hapa. Na Jumanne nitakushikia zamu kabla sijaondoka, ukae naye hospitali."

Jumatano Gyu-ho alimsindikiza mpaka kituo cha basi la uwanja wa ndege. Sanduku la magurudumu lilikuwa lile la sebuleni, na nyumbani alikuwa amesema amemwazima rafiki anayehama. Njiani alifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza Do-chan alikuwa akimshukuru. Mara ya pili dereva alikuwa anafunga mlango.

*

Nyumbani kukawa na shwari ya ajabu. Gyu-ho alisema safari imeahirishwa na kampuni, na baba yake akaanza kupiga mluzi akinyoa ndevu. Mama aliwaambia watu wa sokoni kwamba viza za nchi zile zinachelewa. Muuza samaki akasema, "Zinachelewa, eeh," akamgeuzia mgongo, na mama akala aibu yake kimyakimya, siku moja, siku mbili, kisha watu wakapata la kuzungumza jingine.

Alhamisi, Sang-uk aliandika: Amefika. Asante. Baada ya hapo namba yake haikupatikana tena.

Ijumaa, Do-chan aliandika: Kaka, ni mbali na mji kuliko nilivyofikiri. Wamechukua pasipoti na simu za wote ili kutengeneza vibali, nimeazimwa hii dakika moja. Usimwambie mama, atahangaika bure.

Jumamosi hakuandika, wala Jumapili, wala wiki iliyofuata. Gyu-ho aliendelea kwenda dukani. Alishika zamu zake na zamu za Do-chan.

"Una nini?" Bo-ram akamuuliza siku moja. "Umenusurika, halafu unakaa kama mwenye matanga."

"Sina kitu."

"Yule mnene wa dukani yuko wapi siku hizi?"

"Ameacha kazi."

*

Jumapili ya tatu, saa sita mchana, kengele ya mlango ikalia. Dae-sik alikuwa nyumbani, mama amefunga kibanda, Bo-ram ana siku yake ya mapumziko. Mlangoni alisimama mwanamke mfupi, mikono imevimba na kupasuka kwa maji ya chumvi, amekumbatia bakuli kubwa la plastiki lililofungwa kwa kitambaa cha rangi ya waridi.

"Samahani, hapa ni kwa akina Gyu-ho? Mimi ni Mama Do-chan. Nimetoka Buan."

Alikuwa amepanda mabasi mawili. Alipomwona Gyu-ho nyuma ya mama yake, aliweka bakuli sakafuni, akainama, akainama sana, mtu wa miaka sitini kwa kijana wa kumzaa.

"Ndiye wewe. Ahsante, mwanangu. Tangu baba yake afe, hakuna mtu aliyewahi kumkumbuka mtoto wangu kwa kitu kizuri."

Dae-sik akamtazama mwanawe. Mama Gyu-ho hakuelewa kitu, akamvuta mgeni ndani, akamkalisha mezani. Mgeni akamshika mikono yote miwili.

"Na wewe dada, umepona? Do-chan aliniambia umelazwa, unaumwa sana, na ndiyo maana mwanao amemwachia nafasi ile. Nikasema mama huyo lazima nimwone kwa macho. Umepona?"

Hakuwa ameumwa hata mafua mwaka ule. Mama Gyu-ho akamgeukia mwanawe, na uso alioukuta ukamweleza kila kitu: sanduku, viza, kuahirishwa. Alikuwa na nafasi ya kusema hapana, mimi ni mzima. Ilikuwa nafasi ndogo, ya pumzi moja.

"Nimepona," akasema.

Bo-ram akaweka kikombe mezani kwa kishindo.

"Mshukuru Mungu." Mgeni akafungua kitambaa. "Hawa ni kaa. Nawasafisha kiwandani, lakini hawa niliwanunua mwenyewe, nikawaloweka kwenye mchuzi wa soya siku nne. Hamtawauza, dada, mle ninyi. Mle nikiona, nitarudi nimefurahi."

Kwa hiyo wali ukapakuliwa. Nini kingine kingefanyika? Wakakaa watano, sahani za mama zikapangwa, kaa wakawekwa katikati. Mama Do-chan yeye hakula. Alikuwa akiwatazama, mikono mapajani, na swali lake alilitoa mwishoni, kama jambo dogo lililomponyoka.

"Simu yake imezimwa wiki mbili na nusu sasa. Kazi nyingi, sivyo? Wewe mkubwa wake unajua. Kwenye kampuni kubwa hawaruhusu simu."

"Kazi ni nyingi, mama," Gyu-ho akasema. Sauti yake ilitoka sawasawa kabisa.

"Nilijua." Akacheka, akajifuta jicho kwa kiganja. "Nilijua mimi. Majirani wananitia maneno tu."

Akanyoosha vijiti, akapekua bakulini, akamtoa kaa jike mwenye mayai ya rangi ya chungwa, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akamweka juu ya wali wa Gyu-ho.

"Kula. Huyu nilimtenga kwa ajili yako."

Gyu-ho akashika vijiti. Hapo Dae-sik akaweka kijiko chake mezani. Alikuwa mweupe usoni.

"Mama Do-chan," akasema, "picha yake unayo? Ya karibuni?"

"Ninayo." Akafurahi, akaitoa simu, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Hii aliipiga kituo cha basi. Amevaa viatu vipya, nilimnunulia mimi."

Dae-sik akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Sanduku la mkewe lilikuwa pembeni ya yule kijana.

"Vaa koti," akamwambia mwanawe. "Tunakwenda kituo cha polisi. Mimi, wewe na huyu."

"Baba Gyu-ho," mama akanong'ona, "ni mtoto wetu."

"Na yule?"

Mama Do-chan akawatazama mmoja mmoja, akitafuta kwenye nyuso zao ni wapi mzaha unapoanzia. "Polisi kuna nini?" akauliza. "Kuna karatasi ya kusaini?"

Dae-sik alikuwa anamtazama mwanawe. "Mwambie. Hili hutampa mtu akushikie. Mwambie wewe."

Gyu-ho akashuka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni mbele ya yule mwanamke, mikono juu ya mapaja.

"Mama," akaanza, "mimi nilikuwa najua."

Mama Do-chan alikuwa bado anatabasamu, ameinama kidogo upande wake, akisubiri amalizie.